Bandari ya Bagamoyo: Mabishano Juu ya Mkataba Usiosomwa

Tarehe 7 Juni 2019, Rais John Magufuli alikutana Ikulu, Dar es Salaam, na wafanyabiashara walioitwa kutoka wilaya zote nchini. Katikati ya mazungumzo yale akaigusa Bandari ya Bagamoyo. Kwa maelezo yake, wawekezaji walikuwa wanadai dhamana ya miaka 33 na ukodishaji wa miaka 99. Walitaka Serikali isiwaulize nani anakuja kuwekeza ndani ya eneo lao. Na walitaka bandari nyingine zisiendelezwe kuanzia Tanga mpaka Mtwara. Masharti kama hayo, alisema, ni mwendawazimu tu anayeweza kuyakubali.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, bungeni Dodoma, Spika Job Ndugai alikuwa amesema kinyume chake. Aliusifu mradi na kuitaka Serikali iache kusuasua. Deusdedit Kakoko, wakati huo Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA), naye alijitokeza mbele ya waandishi wa habari akayataja masharti matano ambayo alisema Serikali haiwezi kuyameza. Rais, Spika na mkuu wa bandari wakawa wanavutana hadharani juu ya hati moja, na hati yenyewe hakuna mwananchi aliyekuwa ameitia machoni.

Wapo wanaosema mabishano yale yalitukosesha bandari kubwa kuliko zote Afrika Mashariki. Wapo wanaosema yalituponya na kitanzi. Mimi naona kubishana ilikuwa haki yetu na tena wajibu wetu, ila tulibishana gizani, na ndiyo maana hadi leo upande wowote hauwezi kuonyesha kwa ushahidi kwamba ulikuwa sahihi. Nchi ikifikia hapo, imeshindwa jambo kubwa kuliko bandari.

Mradi wenyewe ulianza kwa shangwe. Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China alipoizuru Tanzania, yalitiwa saini makubaliano ya awali ya kujenga bandari Mbegani, kusini kidogo mwa mji wa Bagamoyo, na nyuma yake eneo maalumu la viwanda. Mwekezaji alikuwa China Merchants Holdings (International), kampuni yenye makao Hong Kong na mizizi katika Serikali ya China. Mwaka 2014 ukaingia mfuko wa akiba wa Serikali ya Oman kama mshirika wa tatu. Gharama iliyotajwa kwa mradi wote ilikuwa dola bilioni 10 za Marekani, pamoja na reli ya kuiunganisha bandari na Reli ya Kati na TAZARA. Tarehe 16 Oktoba 2015, siku tisa kabla ya Uchaguzi Mkuu, Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi. Kikwete ni mwenyeji wa Msoga, Chalinze, wilayani Bagamoyo, na wapo waliouliza mapema kabisa kama bandari ilikuwa inafuata kina cha maji au inafuata nyumbani. Januari 2016, Serikali mpya ikausimamisha mradi.

Swali la kwa nini Bagamoyo lina jibu la maana, na wapinzani wengi hawakulitendea haki. Bandari ya Dar es Salaam imezingirwa na jiji. Lango lake la kuingilia meli ni jembamba, malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapita katikati ya makazi ya watu, na kila eneo la kuhifadhia makontena linapiganiwa na maghala na nyumba. Ukitoka Tegeta kwa barabara ya Bagamoyo, ukapita Bunju, Mapinga na Kerege, unafika Zinga na Kiromo, ambako kabla ya mradi ardhi ilikuwa bado mashamba ya minazi, mikorosho na mihogo mpaka kwenye mikoko. Huko mpangaji angeweza kuchora reli, viwanda na gati kwa pamoja bila kubomoa mtaa wa watu elfu kumi. Waliosema Dar es Salaam peke yake haitatosha kwa miaka hamsini ijayo hawakuwa wasaliti. Walikuwa wanasoma ramani.

Basi tuyashike masharti moja moja, kama yalivyotufikia kwa masikio.

Tuanze na miaka 99. Mtanzania aliyewahi kushika hati ya kiwanja anaifahamu namba hiyo, maana hati zetu hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Urefu wa muda peke yake usingemshtua mtu. Lakini mwenye hati ya miaka 99 pale Mapinga yuko chini ya sheria zote za nchi, na akikiuka masharti Rais anaweza kuifuta hati yake. Mwekezaji wa bandari huandikiwa mkataba unaotaja ni mambo gani Serikali yenyewe haitayafanya, na haitayafanya mpaka lini. Miaka 99 ndani ya mkataba wa namna hiyo ni vizazi vinne vya wabunge wasioweza kubadili kitu. Sasa, je, namba hiyo ilihusu ardhi ya viwanda, gati za meli, au vyote viwili? Kakoko alieleza kuwa wawekezaji walitaka miaka 99 na Serikali ikashikilia 33. Rais alizitaja namba zote mbili kama madai ya wawekezaji, moja ya dhamana na nyingine ya ukodishaji. Maelezo hayo mawili yametoka ndani ya Serikali moja na katika kipindi kimoja, na hayalingani. Mkataba ungekuwa mezani, mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa pili angetuambia kwa nusu saa nani amesoma vizuri.

Sharti la kutoendeleza bandari nyingine ndilo lililowachoma watu zaidi, na kwa sababu nzuri. Wakati ule Serikali ilikuwa imeshaanza kupanua Dar es Salaam kwa mradi wa dola milioni 421 wenye mkopo wa Benki ya Dunia, na kazi zilikuwa zikiendelea Tanga na Mtwara. Kama sharti lilikuwa kama lilivyosemwa, pwani yote ya bara ingefungwa kwa ajili ya gati za Mbegani, na Tanga, ambayo imebeba mkonge na mizigo ya kaskazini tangu enzi za Wajerumani, ingegandishwa ilipo. Hakuna serikali inayoweza kuitetea hali hiyo mbele ya watu wa Tanga. Lakini katika biashara ya bandari sharti hili huandikwa kwa namna nyingi. Kuna linalomlinda mwekezaji kwa miaka michache ya mwanzo mpaka arudishe gharama. Kuna linalohusu makontena tu na kuacha mafuta, magari na mizigo ya kichele. Kuna linalokoma bandari ikishafikia kiwango fulani cha mzigo. Kati ya haya na lile la Tanga mpaka Mtwara kwa karne nzima kuna umbali mkubwa sana, na hatukuambiwa mazungumzo yalikuwa yamesimama wapi.

Msamaha wa kodi, ambao Kakoko pia aliutaja, ulistahili utulivu zaidi kuliko uliopata. Sheria ya mwaka 2002 ya maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje ilikuwa tayari inampa mwekezaji wa humo miaka kumi bila kodi ya mapato ya kampuni. Sehemu ya kile kilichoitwa kiburi cha Wachina kilikuwa kitu ambacho Bunge letu lilishakipitisha na vipeperushi vyetu vya uwekezaji vilikuwa vikikitangaza. Ninachokiona kizito zaidi ni madai mawili ambayo hayakuzungumzwa sana: kufidiwa hasara, na kufungua biashara yoyote ndani ya eneo bila idhini ya Serikali. Kufidiwa hasara iliyosababishwa na Serikali kubadili sheria ghafla ni jambo la kawaida katika mikataba mikubwa. Kufidiwa hasara iliyotokana na meli kutokuja ni kumfanya mlipakodi wa Kahama kuwa bima ya kampuni ya Hong Kong. Ni lipi kati ya hayo liliandikwa? Tofauti yake ni aya moja, na sisi tuliachiwa neno hasara peke yake.

Kisha kulikuwa na kivuli cha Sri Lanka. Desemba 2017 bandari ya Hambantota ilikabidhiwa kwa miaka 99 kwa kampuni hiyohiyo ya China Merchants, na kuanzia hapo kila mjadala wa Bagamoyo, vijiweni na magazetini, ulikuwa na Hambantota ndani yake. Ulinganisho huo ulikuwa na nusu ya ukweli. Hambantota ilijengwa kwa mikopo ambayo Serikali ya Sri Lanka iliichukua. Ilipozidiwa na madeni yake kwa jumla, ikaikodisha bandari ili ipate fedha. Bagamoyo ingejengwa kwa fedha za wawekezaji wenyewe, kwa hiyo hatari ya deni la taifa haikuwa ileile. Hatari ya muda mrefu na mikono iliyofungwa ilikuwa ileile. Mtu makini angezitenganisha, lakini ungezitenganisha vipi bila kujua nani analipa nini?

Lazima niseme pia kwamba hofu ya watu haikuzuka hewani. Kuanzia mkataba wa umeme wa IPTL hadi ule wa Richmond, nchi hii imejifunza kwa maumivu kwamba mkataba usioonekana huwa na sababu ya kutoonekana. Mwaka 2007 mkataba wa mgodi wa Buzwagi ulitiwa saini London, na Mbunge Zitto Kabwe alipohoji bungeni akasimamishwa. Kitengo cha makontena cha bandari ya Dar es Salaam kilikodishwa kwa kampuni ya TICTS mwaka 2000, mkataba ukaja kurefushwa kabla haujaisha, na mwenye mali, yaani mwananchi, akajua baadaye. Ukiwa na historia hiyo, kiongozi akisimama akasema kuna watu wanataka kutufunga kwa miaka 99, utamwamini kabla hajamaliza sentensi. Magufuli alilijua hilo. Alisema kile ambacho watu walikuwa wakikishuku siku zote, na ndiyo maana maneno yake yalikaa.

Kwa watu wa mwambao kuna kumbukumbu ya zamani zaidi. Aprili 1888, Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba na kampuni ya Wajerumani, akiipa usimamizi wa pwani na ukusanyaji wa ushuru kwa miaka 50. Majumbe na wafanyabiashara wa Bagamoyo, Pangani na Saadani walikuja kuujua Agosti, kampuni ilipofika kupandisha bendera yake. Vita ikalipuka. Kiongozi wake, Bushiri bin Salim, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Bwana Heri aliendelea kupigana Saadani mpaka mwaka uliofuata. Na kuanzia Januari 1891 Ujerumani ikaimiliki pwani moja kwa moja baada ya Sultani kulipwa marki milioni 4. Sisemi China ya leo ni Ujerumani ya Bismarck. Nasema kwamba pwani hii iliwahi kukodishwa kwa miaka mingi, kwa ajili ya ushuru wa bandari, na mtu asiyekaa hapa, na waliokaa hapa wakaipata habari kwa kuona bendera. Anayekuja Bagamoyo na mkataba wa muda mrefu anapaswa kujua kwamba anakuja mahali penye kaburi la mkataba mwingine.

Sasa tugeukie Uingereza, maana katika majuma yaleyale ya Mei 2019 Waingereza nao walikuwa wanaparurana juu ya mazungumzo. Walikuwa wamepiga kura Juni 2016 kujitoa Umoja wa Ulaya, asilimia 51.9 dhidi ya 48.1. Serikali yao ilitaka kuanza safari ya kujitoa bila kulishirikisha Bunge. Januari 2017 Mahakama ya Juu ikasema haiwezekani. Novemba 2018 yakachapishwa makubaliano ya kujitoa, kurasa 585, na yeyote mwenye simu aliweza kuyasoma. Januari 2019 Bunge likayakataa kwa kura 432 dhidi ya 202, likayakataa tena Machi mara mbili, na Mei 24 Waziri Mkuu Theresa May akatangaza kung'atuka. Nchi ilitoka rasmi Januari 31, 2020, chini ya mtu mwingine na makubaliano yaliyorekebishwa.

Hakuna wa kuutamani mvurugano ule. Familia zilikosana, uongo ulisemwa mchana kweupe, na kusomeka kwa kurasa 585 hakukuwafanya watu wapendane. Lakini angalia walichokuwa wanabishania. Walibishania kifungu kuhusu mpaka wa Ireland Kaskazini, kwa jina lake, kwa ukurasa wake, kila upande ukiwa na wanasheria wanaoweza kumsahihisha mwongo. Na kifungu hichohicho kilichoangusha makubaliano ndicho kilichoandikwa upya. Ubishi ulikuwa na kitu cha kushika. Wa kwetu ulishika hewa, na ulipokwisha haukubadili aya hata moja, kwa kuwa hatukujua aya zipi zipo.

Isidhaniwe kwamba sisi hatuwezi. Wakati Waingereza wanaamka na matokeo ya kura yao, Tanzania ilikuwa inatakiwa kutia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, ule unaojulikana kama EPA. Julai 2016 Serikali ilisema haisaini, na kujitoa kwa Uingereza ikawa miongoni mwa sababu zake: soko kubwa tuliloahidiwa lilikuwa linapungukiwa na mmoja wa wanunuzi wetu wa zamani. Kenya na Rwanda walisaini Septemba mwaka huo. Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliupinga kwa maandishi, kwa hoja za viwanda na ushuru wa forodha. Novemba wabunge wakaletewa wataalamu wa vyuo vikuu, wakaupekua mkataba, wakakataa usiridhiwe. Unaweza kutokubaliana na uamuzi ule. Kenya, yenye maua na mboga za kuuza, iliendelea na njia yake, ikasaini na Uingereza Desemba 2020, kisha na Umoja wa Ulaya Desemba 2023. Lakini maandishi yalikuwapo, wataalamu waliyasoma, Bunge likayajadili, na Mtanzania anayetaka kujua leo kwa nini tulikataa anaweza kuufungua mkataba akahukumu mwenyewe. Kwa Bagamoyo hana pa kufungua.

Kwa nini EPA ilifika bungeni na Bagamoyo ikabaki kwenye makabrasha? Jibu liko katika sheria kuliko katika nia. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba ya kimataifa inayohitaji kuridhiwa. Mkataba wa Serikali na kampuni hauingii humo. Mikataba ya kampuni ina siri zake za biashara, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inazilinda. Kwa hiyo kadiri jambo linavyobeba fedha nyingi na ardhi nyingi, ndivyo linavyoweza kupita mbali na Bunge, ili mradi limeandikwa kama biashara. Ibara ya 18 ya Katiba hiyohiyo inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Mimi sioni namna bandari ya dola bilioni 10 isivyokuwa suala muhimu kwa jamii.

Tofauti hiyo ya kisheria ilionekana waziwazi mwaka 2023. Makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai, yaliyosainiwa Oktoba 2022, yalikuwa kati ya serikali na serikali. Kwa hiyo yalipaswa kwenda bungeni, na yalipokwenda yakasambaa kwa kila mtu. Bunge liliridhia tarehe 10 Juni 2023, baada ya wananchi kuitwa kutoa maoni kwa taarifa ya muda mfupi mno. Kilichofuata kilikuwa kikali kuliko cha Bagamoyo. Watu walikwenda Mahakama Kuu Mbeya na kushindwa Agosti. Baraza la Maaskofu Katoliki likatoa tamko la kupinga. Mwanasiasa Dk. Willibrod Slaa na wakili Boniface Mwabukusi, waliokuwa wakiyapinga makubaliano hayo, wakakamatwa. Ubishi ukaanza kunuka dini na Muungano, na hilo lilinisikitisha kuliko yote, kwa sababu hoja nzuri za mkataba zilianza kuulizwa zimetoka msikiti gani au kanisa gani, bara au visiwani.

Pamoja na hayo yote, kulikuwa na kitu ambacho 2019 haikuwa nacho. Katika daladala na kwenye mabaraza ya kahawa watu walikuwa wanataja ibara ya 23 ya makubaliano hayo, wanauliza kama kweli mtu anaweza kufungwa na mkataba hata mwenzake akiuvunja, na muda wa mwisho umeandikwa wapi. Mikataba ya utekelezaji iliposainiwa Dodoma tarehe 22 Oktoba 2023, ilikuja na ukomo wa miaka 30 na kutaja gati namba 4 hadi 7 za Dar es Salaam, na Serikali ikasema imezingatia maoni yaliyotolewa. Waliokamatwa walilipa gharama isiyostahili. Lakini pale kwenye maandishi, kelele za wananchi zilikuwa na mahali pa kutua.

Nimezungumza mpaka sasa kana kwamba ubishi wa Bagamoyo ulikuwa wa Ikulu, Bunge na TPA. Wenye dau kubwa kuliko wote hawakusikika kabisa.

Kwa ajili ya eneo maalumu la kiuchumi, mamlaka ya maeneo hayo, EPZA, ambayo sasa imeunganishwa ndani ya mamlaka mpya ya uwekezaji, TISEZA, ilipima zaidi ya hekta 9,000 katika Zinga, Kiromo, Mlingotini, Pande, Kondo na maeneo jirani. Uthamini ulianza kabla hata ya Xi Jinping kuja. Walikuwapo waliolipwa wakahama. Walikuwapo waliothaminiwa wakakaa miaka bila malipo, wakikatazwa kujenga na kupanda mazao ya kudumu, huku bei ya viwanja njiani ikipanda kwa sababu ya bandari hiyohiyo. Kuna adhabu ya kipekee katika kuishi kwenye nyumba iliyopigwa alama ya rangi. Paa likivuja unajiuliza kama kuna haja ya kununua bati. Mwana akitaka kuoa, chumba cha kumjengea hakiruhusiwi. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inasema uthamini wa fidia unadumu miaka miwili, na kanuni za ardhi zinataka riba malipo yakichelewa. Hizo ni sheria nzuri. Mkazi wa Pande alihitaji kujua pia kama kuna mkataba unaokuja au hakuna, na hilo halikuwa kwenye fomu.

Na kuna ambacho fomu haikipimi kabisa. Fidia ya ardhi huhesabu ardhi, jengo, mazao na makaburi, ikaongeza posho ya usumbufu, usafiri na makazi. Huko Mlingotini, nyakati za bamvua, maji yakitoka mbali, wanawake huingia baharini na kukuta mashamba yao: kamba zilizonyooshwa kati ya vigingi, mwani umefungwa kidogo kidogo kwa kila hatua. Kwa saa chache kabla maji hayajarudi wanavuna, wanafunga mbegu mpya, wanang'oa magugu na kuangalia uliooza kwa joto. Hayo ni mashamba kwa kila maana isipokuwa moja: bahari haina hati. Wavuvi wa Kondo nao wana dago zao, wanajua ni upepo gani unaruhusu ngalawa kupita wapi, na njia hizo hazimo kwenye kitabu cha mthamini. Mifereji ya meli kubwa huchimbwa. Udongo wake hutupwa mahali. Maji hugeuka rangi, na mwani ni kiumbe anayekufa kwa tope.

Wakenya walishaiona njia hiyo. Ujenzi wa bandari ya Lamu ulipoanza, wavuvi na wakazi walikwenda mahakamani, na Aprili 2018 Mahakama Kuu ikasema haki zao zimekiukwa, ikiwemo haki ya kushirikishwa na kupewa taarifa, na haki ya utamaduni wao, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Gati la kwanza la Lamu lilizinduliwa Mei 2021. Bandari haikufa kwa sababu wavuvi walisikilizwa. Kesi ile ilisimama juu ya Katiba ya 2010 inayodai ushiriki wa wananchi kwa maneno ya wazi, na sisi hatuna maneno hayo kwa uwazi uleule. Hilo ni pengo la kuzibwa na Katiba mpya, na halipaswi kungojea Katiba mpya.

Tarehe 26 Juni 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaambia wafanyabiashara kwamba Serikali imeanza mazungumzo ya kuufufua mradi wote wa Bagamoyo. Magufuli alikuwa amefariki Machi 17, Kakoko amesimamishwa kazi siku chache baadaye, na Ndugai, aliyeutetea mradi mwaka 2019, bado alikuwa Spika. Kwa maana nyingine, karibu kila aliyejua yaliyosemwa mezani alikuwa ama ameondoka au ana upande. Mazungumzo mapya yakaanzia juu ya kumbukumbu za watu, na mwananchi akatakiwa tena kuamini au kukataa kwa kumwangalia msemaji usoni.

Sidai kila rasimu ichapishwe. Mwenye kujadiliana bei hawezi kumwonyesha mwenzake kikomo chake, na Waingereza wenyewe walijadiliana Brussels kwa faragha kwa miezi kumi na saba kabla ya kuchapisha makubaliano kamili. Ninachodai ni kati ya kukubaliana na kutia saini. Yawekwe wazi, kwa Kiswahili, masharti matano ya aina ileile yaliyotugombanisha: muda, bandari nyingine, kodi, fidia ya hasara, na nani anaruhusiwa kufanya nini ndani ya uzio. Bunge liyapigie kura hata kama karatasi inaitwa ya kibiashara. Yapelekwe Zinga na Mlingotini kwenye mikutano ya vijiji na mitaa kabla mthamini hajaenda na rangi yake, na atakapokwenda, fomu yake iwe na safu ya bahari: kaya hii inategemea kipande gani cha maji, kwa mwani au kwa samaki, na kinaiingizia kiasi gani kwa mwaka.